Ubini Uliovuka Bahari

Tarehe 30 Mei 1867, mjini Aden, mwanamke wa miaka 22 alibatizwa na kupewa jina la Emily. Siku hiyohiyo akafungishwa ndoa na Heinrich Ruete, mfanyabiashara wa Hamburg aliyekuwa jirani yake Mji Mkongwe, Unguja. Alikuwa ameamka Salme binti Said, mtoto wa Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar. Alilala Emily Ruete.

Kisa cha Bi Salme watu wa Unguja wanakijua, na kila mtu anakisimulia kwa namna yake: mapenzi ya dirisha kwa dirisha, mimba, kisha kutoroka kwa manowari ya Kiingereza iitwayo Highflyer mwezi Agosti 1866. Katika yote hayo nataka kushika uzi mmoja ambao wasimulizi huupita mbio, nao ni jina. Kwa kadiri ninavyojua, hatuna mwanamke mwingine wa pwani yetu wa zama zile aliyeacha maandishi marefu hivyo kuhusu kuolewa ughaibuni, na yaliyompata kwa sababu ya jina jipya yanafanana mno na yanayowapata dada zetu leo wakiwa Minneapolis au Berlin na bahasha ya vyeti mkononi.

Kiswahili kina neno ambalo fomu za serikali zimelikausha: ubini. Ukiulizwa jina la ubini unaandika tu, hufikiri. Lakini neno lenyewe limetoka kwenye *bin*, mwana wa fulani. Ubini ni uwana. Tuseme Fatuma binti Athumani ameolewa na Juma bin Makame. Atabaki binti Athumani, maana ndoa haikumpa baba mwingine. Mtaani wataanza kumwita mke wa Juma, na akijifungua atakuwa Mama Zuhura, na mumewe naye Baba Zuhura, lakini hayo ni majina ya kuitana barazani. Mbele ya kadhi, likija suala la talaka au mirathi, ni binti Athumani. Waislamu wengi huitaja hapa aya ya 5 ya Surat al-Ahzab, inayoamrisha watu waitwe kwa baba zao; iliteremka kuhusu watoto wa kulea, ila masheikh wengi huitumia kama hoja wakiulizwa kuhusu mke kuchukua jina la mume. Mfano wa karibu tunao Ikulu. Rais Samia Suluhu Hassan ana jina la baba yake, Suluhu, na la babu yake, Hassan. Mumewe ni Hafidh Ameir, na hayumo kwenye jina hilo hata kidogo.

Sasa mwanamke wa desturi hiyo akateremka Hamburg. Huko jina la mwisho lilikuwa la nyumba, na mwenye nyumba alikuwa mume. Haikuwa Ujerumani peke yake. Uingereza, mwanasheria William Blackstone aliandika mwaka 1765 kwamba ndoa humfanya mume na mke kuwa mtu mmoja mbele ya sheria, na nafsi ya mke humezwa ndani ya nafsi ya mume. Kwa hiyo jina la mume halikuwa pambo. Mke hakuwa na mali yake, hakuweza kushtaki wala kushtakiwa peke yake, na jina lilikuwa alama ya nje ya hali hiyo. Wafaransa ndio walioliendea jambo hili kwa njia nyingine, na hilo hushangaza wengi. Sheria ya Mapinduzi ya tarehe 23 Agosti 1794 ilimkataza raia yeyote kutumia jina lisilokuwa kwenye cheti chake cha kuzaliwa. Mpaka leo mke wa Kifaransa kisheria ana jina la kwao, na la mume ni jina la kutumia tu akipenda.

Tarehe 1 Juni 1870 Shirikisho la Ujerumani Kaskazini lilitunga sheria ya uraia. Mwanamke mgeni akiolewa na raia wa huko, ndoa yenyewe ilimpa uraia wa mumewe; hakuomba, hakuulizwa. Miezi miwili baadaye, Agosti 1870, Heinrich Ruete alipata ajali ya tramu akafa. Bi Salme akabaki katika mji wa baridi na watoto watatu, mkubwa hajafika miaka mitatu. Mume amekwenda, jina limebaki, na uraia umebaki. Wa kwao walikuwa hawamhesabu tena. Nchi ya mumewe ilimhesabu, ila kwa hesabu zake.

Hesabu hizo zilionekana mwaka 1885. Ndugu yake Sayyid Barghash, sasa Sultani wa Zanzibar, alikuwa anazipinga hati ambazo Mjerumani Carl Peters alizikusanya bara kwa machifu. Serikali ya Ujerumani chini ya Bismarck ikatuma manowari mbele ya Zanzibar, na katika msafara ule alikuwamo Emily Ruete, anayedai urithi wake. Kwa nini dola kubwa ijali mirathi ya mjane? Kwa sababu alikuwa raia wa Kijerumani kwa ndoa, na raia aliyedhulumiwa ni kisingizio kizuri cha mizinga. Barghash, ambaye Salme alimsaidia kama karani wa siri katika uasi wa mwaka 1859 akiwa binti wa miaka 15, alikataa kumpokea. Kwake huyu alikuwa ametoka katika dini, na aliyetoka katika dini hamrithi Mwislamu. Wajerumani walipopata walichokitaka, madai ya mjane yakawekwa kando. Alirudi tena Unguja mwaka 1888, akaondoka mikono mitupu.

Ndiyo maana nasema jina la mke mhamiaji halijawahi kuwa jambo la mapenzi tu. Liliburuta uraia nyuma yake kama jahazi linavyoburuta mtumbwi. Sheria ya Uingereza ya 1870 ilifanya vilevile kwa upande wa pili: Mwingereza wa kike aliyeolewa na mgeni alihesabiwa mgeni, hata kama hajawahi kutoka kijijini kwao. Marekani ikafuata mwaka 1907. Ethel Mackenzie, mzaliwa wa California, aliolewa na mwimbaji kutoka Scotland wakaishi palepale California. Alipokwenda kujiandikisha kupiga kura akaambiwa yeye ni Mwingereza. Alifika hadi Mahakama Kuu ya Marekani, na mwaka 1915 akashindwa. Kuanzia 1922 Bunge la Marekani likaanza kulegeza kamba. Waingereza walisubiri mpaka sheria ya uraia ya 1948.

Pasipoti nazo zina kisa chao. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza mke mara nyingi hakuwa na ya kwake. Aliandikwa ndani ya ya mumewe, fulani akifuatana na mkewe, na jina la mke halikutajwa. Vita vilipokwisha, kila mpaka ukataka karatasi, na wanawake wakaanza kuuliza karatasi hiyo itasema nini. Mwandishi wa habari Ruth Hale wa New York alitaka kusafiri kwenda Ulaya kwa jina lake mwenyewe. Wizara ya Mambo ya Nje ikakataa kumpa pasipoti isiyomtaja mumewe, Heywood Broun, naye akavunja safari. Mwaka 1921 akaanzisha Lucy Stone League, chama kilichopewa jina la mwanamke wa Massachusetts aliyeolewa mwaka 1855 akakataa kubadili jina, na mwaka 1879 akanyimwa kura ya shule kwa sababu hakutaka kujiandikisha kama Bi Blackwell. Upande wa London, wakili Helena Normanton alipata mwaka 1924 pasipoti ya Uingereza yenye jina alilozaliwa nalo, mwanamke wa kwanza mwenye mume kupewa. Tazama ajabu ya mambo: waliyoyapigania hawa kwa miaka ni yale Fatuma binti Athumani aliyapata bila kuomba, kwa kuzaliwa pwani tu. Sisemi kwamba pwani ilimpa mwanamke kila kitu. Jina ilimwachia.

Bara mambo yalikuwa tofauti. Kwa wamisheni, cheti cha ndoa ya kanisani na orodha ya wafanyakazi, jina la mume likaingia likakaa, hasa kwa waliosoma. Kisa kinachopendwa kuliko vyote ni cha Wangari Muta, aliyesoma Marekani kisha akarudi Kenya, akaolewa na Mwangi Mathai. Ndoa ilipovunjika mwaka 1979, mume akadai jina lake lirudishwe. Wangari akaongeza *a* moja, likawa Maathai, na kwa tahajia hiyo akapokea Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004. Herufi moja ilifanya kazi ya wakili.

Turudi kwa Fatuma wetu wa mfano, tumpeleke Marekani. Kwenye pasipoti ya Tanzania ni Fatuma Athumani Mbwana: lake, la baba, la babu. Mumewe ni Juma Makame Haji. Fomu ya Marekani inataka jina la kwanza, la kati na la mwisho, nayo huamini kwamba la mwisho ni la ukoo. Basi Haji, mzee wa Makunduchi aliyefariki zamani, anageuka kuwa ukoo. Fatuma akiamua kufuata desturi ya wenyeji ataitwa Fatuma Haji, yaani ameshika jina la babu wa mumewe, mtu ambaye hakuwahi kumwona. Nyumbani mtoto wao angekuwa Zuhura Juma Makame na huyo Haji angekuwa ameshadondoka kwenye mnyororo. Huko Haji hadondoki tena, vizazi na vizazi. Na mwenye jina moja tu kwenye pasipoti hupata mengine: viza ya Marekani humwandikia herufi FNU mahali pa jina la kwanza, kumaanisha halijulikani, na wapo waliokaa miaka wakiitwa Bwana Fnu hospitalini.

Njia za kubadili zipo zaidi ya moja. Cheti cha ndoa chenyewe kinatosha kuomba grini kadi kwa jina jipya. Anayesubiri hadi uraia anaweza kuomba jina libadilishwe na mahakama siku ya kiapo, mlango uliofunguliwa na sheria ya 1906 na ambao fomu ya uraia inauuliza mpaka leo. (Ile hadithi kwamba makarani wa Ellis Island waliwabadilisha watu majina kwa kutojua kuandika haina msingi; walisoma orodha zilizoandikwa na kampuni za meli. Wahamiaji walibadili wenyewe baadaye, kwa sababu zao.)

Ugumu huanza pale karatasi mbili zinapokataana. Grini kadi inasema Haji, pasipoti inasema Mbwana, tiketi ya ndege inataka jina la pasipoti. Fatuma anasafiri na cheti cha ndoa kwenye mkoba, kama hirizi. Sheria ya Marekani ya 2005 kuhusu vitambulisho ilianza kutekelezwa kwenye viwanja vya ndege tarehe 7 Mei 2025. Anayetaka kitambulisho cha aina hiyo na jina lake halilingani na cheti cha kuzaliwa anatakiwa aonyeshe karatasi ya kila badiliko. Aliyeolewa, akaachwa, akaolewa tena, abebe zote. Wanaume wachache sana wanaulizwa swali hilo.

Akitaka kurekebisha upande wa nyumbani, ni kiapo na hati ya kubadili jina. Kenya hati hizo hutangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali. Waingereza waliotuachia utaratibu huu waliiita hati hiyo kwa neno linalomaanisha karatasi iliyokatwa ukingo ulionyooka, maana ni ya mtu mmoja. Mikataba ya watu wawili ilikatwa kwa meno ili vipande vilingane. Kwa hiyo mke anayefuata jina la mumewe anakwenda kula kiapo cha peke yake.

Nasi tusijione tumeachana na uraia unaofuata ndoa. Sheria ya Uraia ya Tanzania ya 1995 ilimwekea mke mgeni wa Mtanzania njia ya kuomba uraia kwa ndoa, ikamsahau mume mgeni wa mwanamke wa Kitanzania. Katiba ya Kenya ya 2010 imeandika wazi kwamba uraia haupotei kwa ndoa wala kwa ndoa kuvunjika.

Kwa upande wa jina, Ujerumani yenyewe ilichukua muda. Sheria ya kiraia iliyoanza mwaka 1900 ilimwamuru mke achukue jina la mume. Kuanzia 1976 wenzi waliruhusiwa kuchagua la yeyote kati yao, lakini wakishindwa kukubaliana, la mume lilishinda. Mahakama ya Katiba ililifuta hilo tarehe 5 Machi 1991. Tangu tarehe 1 Mei 2025 mume na mke wanaweza kuunganisha majina yao na yakawa jina la nyumba nzima, pamoja na watoto.

Bi Salme alifariki Jena Februari 1924, akazikwa makaburi ya Ohlsdorf, Hamburg, pamoja na akina Ruete. Mwaka 2019 uwanja mmoja wa mji huo ulipewa jina la Emily Ruete, na mwaka uliofuata wilaya ikaamua kuliondoa, kwa sababu katika kitabu chake cha 1886 aliutetea utumwa wa Zanzibar. Kosa hilo ni lake na halisameheki kwa huruma ya ujane. Lakini alipowapa watoto wake majina, aliwafanyia jambo la kimyakimya. Walikuwa Antonie Thawka, Rudolph Said na Rosalie Ghuza: jina la kanisani mbele, la Unguja limejificha katikati, mahali ambapo karani hatazami. Rudolph alipokua alilitoa lile la katikati akalifunga kwa kistari kwenye ubini wake. Mwaka 1929 alichapisha London kitabu kuhusu babu yake, Said bin Sultan, na juu ya jalada akaandika jina la mtunzi: Rudolph Said-Ruete.