Historia ya Marekani: Wimbo hufunza, lakini sharti uhojiwe

KWA zaidi ya karne moja, walimu nchini Marekani wamekuwa wakitumia nyimbo, maigizo na kazi za sanaa kuwafunza watoto historia ya taifa lao. Sababu ni bayana: jambo lililoimbwa hukaa akilini kuliko lililokaririwa daftarini. Hatari nayo ni iyo hiyo, kwani hata kosa likiimbwa halisahauliki.

Nguvu ya wimbo ilidhihirika mjini Jacksonville, Florida. Mnamo Februari 12, 1900, katika maadhimisho ya siku ya kuzaliwa kwa Rais Abraham Lincoln, wanafunzi 500 wa Stanton, shule ya watoto weusi, waliimba kwa mara ya kwanza 'Lift Every Voice and Sing'. Maneno yalitungwa na mwalimu mkuu wao, James Weldon Johnson, na mahadhi yakatiwa na nduguye, John Rosamond Johnson.

Ndugu hao walihamia New York na utungo huo ukawatoka akilini. Watoto, hata hivyo, waliendelea kuuimba. Baadhi yao walipokuwa walimu waliupeleka katika shule nyingine, hadi ukaja kutambuliwa kama wimbo wa taifa wa Wamarekani weusi.

Runinga nayo haikuachwa nyuma. Kuanzia 1973, shirika la ABC lilipeperusha vibonzo vya 'Schoolhouse Rock!', na baadaye likaongeza nyimbo za historia. Mmoja wazo, wa 1975, ulitia dibaji ya Katiba ya Marekani katika muziki. Watoto wengi waliihifadhi kwa njia hiyo, ila wimbo uliacha maneno yanayolitaja jina la nchi ili mapigo yalingane. Aliyeutegemea katika mtihani aliandika dibaji yenye pengo.

Kosa hilo ni dogo likilinganishwa na suala la 'Follow the Drinking Gourd'. Watoto wengi wamefunzwa kwamba wimbo huu ulikuwa ramani ya siri ya watumwa waliotorokea kaskazini, na kwamba kibuyu kinachotajwa ni kundi la nyota lielekezalo kwenye Nyota ya Kaskazini. Wengine huchora ramani hiyo darasani.

Ushahidi lakini ni haba. Wimbo ulichapishwa mara ya kwanza mnamo 1928, miaka 63 baada ya utumwa kukomeshwa, na toleo linalojulikana zaidi lilipangwa upya na mwanamuziki Lee Hays mnamo 1947. Kwamba watumwa walitoroka ni kweli isiyopingika. Kwamba waliongozwa na maneno hayo ni jambo ambalo wanahistoria wanalitilia shaka. Mtoto akifunzwa hekaya kama ukweli, siku atakapoigundua huenda akaushuku hata ule ukweli wenyewe.

Mbinu mojawapo ya kuepuka mtego huo ni kumfanya mwanafunzi awe mtafiti kabla hajawa msanii. Mnamo 2016, Taasisi ya Gilder Lehrman ilianzisha mpango uliowawezesha wanafunzi 20,000 wa shule za umma za New York kutazama tamthilia ya muziki ya 'Hamilton' kwa dola 10 pekee. Kabla ya hapo walisoma barua na hati za enzi ya kuasisiwa kwa taifa, kisha wakatunga mashairi, maigizo na nyimbo za kufokafoka. Baadhi yao waliziwasilisha jukwaani.

Tamthilia yenyewe haikukosa wakosoaji. Wapo wasomi waliolalamika kwamba imewatukuza waasisi na kuwasahau watumwa waliowatumikia. Lawama hiyo nayo ni somo, kwa kuwa mwanafunzi aliyezisoma hati anaweza kuipima mwenyewe.

Mwalimu anayeleta wimbo darasani basi hana budi kuuliza maswali manne: nani aliutunga, lini, kwa ajili ya nani, na ni nini ambacho haukisemi? Yakijibiwa, ngoma na ipigwe.