Kamera ya sinema, ukarabati wa
Kazi ya kufufua kamera kuukuu za filamu. Bolex H16 ya Uswisi, iliyoanza kuuzwa 1935, haihitaji betri: springi yake hujazwa kwa mkono kama saa, ikavuta filamu ya milimita 16 kwa takriban nusu dakika. Adui wake huko Kaptembwo, magharibi mwa Nakuru, ni vumbi laini la udongo wa kivolkano. Chembe moja ikikwama kwenye lango la filamu huchora mkwaruzo mrefu kwenye mkanda. Fundi huitoa kwa kijiti cha mti, kamwe si bisibisi. Grisi iliyoganda huondolewa kwanza, ndipo mafuta mapya yatiwe, tone tu. Wengi huharibu kwa kumimina. Springi isifunguliwe ikiwa imejazwa: huruka na kukata vidole.