Mzigo wa Tabibu wa Zahanati

Kabla ya tabibu, vijiji vya Tanganyika vilikuwa na dresa. Katika miaka ya 1920, idara ya tiba ya serikali ya kikoloni ikiongozwa na John Shircore, vijana waliochaguliwa na watawala wa jadi walifundishwa kwa muda mfupi kufunga vidonda na kutoa dawa chache, kisha wakarudishwa kwao. Maagizo yalitoka kwa daktari aliyekuwa mbali, na mshahara ulitoka kwenye hazina ya mtawala wa jadi. Kazi ilipoharibika, dresa ndiye aliyekuwa karibu wa kulaumiwa.

Baada ya Azimio la Arusha la 1967, na hasa chama tawala cha TANU kilipoamua mwaka 1971 kuipa afya ya vijijini kipaumbele, zahanati ziliongezeka haraka. Mganga msaidizi wa vijijini alisoma miaka mitatu baada ya darasa la saba. Tabibu alisoma miaka hiyohiyo baada ya kidato cha nne. Jengo, tena la nguvu za wananchi, lingeweza kusimama kwa miezi michache. Hapo ndipo hesabu ya majengo na watumishi ilipoanza kugoma.

Mtu mmoja alijikuta akifanya kazi ya watu wanne. Asubuhi alitibu foleni nzima, mara nyingi bila darubini, hivyo homa ilihesabiwa malaria. Katikati alichemsha sindano kwenye jiko la mafuta ya taa na kukagua utambi wa jokofu la chanjo. Jioni alijaza daftari, na usiku aligongewa mlango kwa ajili ya mzazi. Zamu haikuwa na maana kwa asiyekuwa na wa kumpokea.

Mpango wa dawa muhimu wa miaka ya 1980 ulileta maboksi yaliyofungwa tayari kwa kila kituo. Ulikuwa msaada mkubwa, ila penye wagonjwa wengi dawa za malaria ziliisha kabla ya boksi jingine kufika, na tabibu ndiye aliyeshukiwa kuziuza.

Miaka ya 1990 serikali ilibana ajira, na wahitimu wakakosa uhakika wa kupangiwa vituo. Hata hivyo mpango wa afya ya msingi wa 2007 ukalenga zahanati kila kijiji. Kosa la miaka ya 1970 likarudiwa: majengo yakatangulia watumishi, na kwenye baadhi ya zahanati wagonjwa wakatibiwa na wahudumu wasiosomea utabibu.