Njuga za Kipupwe: Kumbukumbu ya Umuganura mjini Gisenyi

Kipupwe kinapoingia, upepo wa usiku hunirudisha Gisenyi, kando ya Ziwa Kivu, mwaka wa 2013. Nilikuwa na umri wa miaka tisa. Shule zilikuwa zimefungwa, mtama umevunwa, na usiku anga la upande wa Goma lilikuwa jekundu kwa moto wa mlima Nyiragongo. Kwa wiki tatu, kila jioni, tulijifunza kucheza intore kwa ajili ya Umuganura, sikukuu ya mavuno ya mwanzoni mwa Agosti.

Wavulana tulivaa kichwani umugara, nywele ndefu za nyuzi za katani, na miguuni tukafungwa njuga. Wasichana walicheza umushagiriro, mikono juu kama pembe za ng'ombe wa inyambo. Siku yenyewe, njuga za mguu wangu wa kushoto zilikatika katikati ya ngoma. Niliendelea kuruka, nikidhani uwanja mzima unasikia mguu mmoja tu. Baadaye watoto tulipewa maziwa, na mwalimu akatuambia kwamba tumecheza kama mababu zetu walivyocheza siku hiyo.

Niliamini hivyo mpaka jioni, nilipomwuliza bibi yangu, aliyezaliwa mwaka wa 1938, kama naye alicheza Umuganura utotoni. Akacheka. "Mjukuu wangu, sisi hatukuwa na uwanja wala ngoma. Baba alionja ugali wa mtama mpya, akatugawia, basi." Nilinuna. Niliona ananiharibia sikukuu.

Somo la historia lilinionyesha kwamba bibi alisema kweli. Katika ufalme wa Rwanda, Umuganura haikuwa tafrija tu. Mfalme ndiye aliyeonja kwanza mtama na ulezi mpya mbele ya taifa, chini ya uangalizi wa abiru, watunzaji wa siri za ufalme. Wabelgiji, walioitwaa Rwanda kutoka kwa Wajerumani mwaka wa 1916, walitambua kwamba hapo ndipo ulipokuwa moyo wa mamlaka. Mwaka wa 1925 sherehe hiyo ilipigwa marufuku, na Gashamura, mkuu wa abiru, akahamishiwa Burundi. Mwaka wa 1931 Mfalme Musinga naye akaondolewa.

Ngoma, hata hivyo, ilibaki. Intore, yaani "wateule", walikuwa vijana waliofundishwa katika itorero la mfalme: vita, ufasaha, adabu na kucheza. Wakati wa ukoloni kucheza kuligeuka kuwa maonyesho kwa wageni. Mwaka wa 1950 wachezaji wa Rwanda walionekana hata katika filamu ya Marekani, King Solomon's Mines. Kwa hiyo sikukuu iligawanyika vipande viwili. Ngoma ilikwenda kwa watazamaji, na mavuno yakajificha majumbani, katika sahani kama ile ya baba yake bibi.

Umuganura ilirudishwa kuwa sikukuu ya taifa mwaka wa 2011. Maana yake, nilipocheza, sherehe ile ya uwanjani ilikuwa na miaka miwili. Mimi nilikuwa mkubwa kuliko "mila ya kale" niliyoicheza!

Je, kumbukumbu yangu ni ya uongo? Sidhani. Waswahili husema mwacha mila ni mtumwa, lakini historia hii inaonyesha kwamba watu wengine hawakuacha mila, walinyang'anywa. Na walioitunza hawakuwa wachezaji peke yao. Desemba 2024, UNESCO ilipoingiza intore katika orodha ya urithi wa binadamu, nilifurahi, kisha nikamkumbuka bibi, ambaye hayupo tena.

Agosti iliyofuata, kabla ya kwenda uwanjani, nilimwomba mama asonge ugali wa mtama. Nikawagawia wadogo zangu. Hapakuwa na ngoma, wala hakuna aliyevaa njuga.