Bima au keshi? Swali lenye historia ndefu

Ukifika mapokezi ya hospitali kubwa nchini Tanzania leo, mara nyingi kabla hujaulizwa unaumwa nini utaulizwa: "Bima au keshi?" Jibu lako ndilo litakalokuelekeza kwenye dirisha lako. Nani alipe, serikali, mgonjwa au mfadhili, ni swali ambalo nchi hii imelijibu kwa namna tofauti kwa zaidi ya miaka 120.

Pale Muhimbili kuna wodi ya Sewahaji. Wengi wanaolazwa humo hawajui kwamba hilo ni jina la mtu. Sewa Haji Paroo alikuwa mfanyabiashara wa Bagamoyo mwenye asili ya India, aliyetajirika kwa kuihudumia misafara ya kwenda bara. Fedha zake ndizo zilizojenga hospitali ya Waafrika na Wahindi jijini Dar es Salaam zama za Wajerumani. Alifariki mwaka 1897, na mwaka huohuo serikali ya kikoloni ikafungua hospitali ya Ocean Road, ufukweni, kwa ajili ya Wazungu. Serikali ilijenga kwa ajili ya wachache. Jengo la wengi likatoka mfukoni mwa mtu binafsi.

Huko bara kazi hiyo ilibebwa na wamisionari. Peramiho na Ndanda kwa Wabenedikto, Magila kwa Waanglikana: penye misheni palikuwa na dawa, na pasipo na misheni watu walibaki na mganga wao. Waingereza walikuja na kuondoka, wakaacha hospitali mpya ya Princess Margaret, iliyofunguliwa mwaka 1956, ambayo leo ndiyo Muhimbili. Mwalimu Nyerere alikuwa akikumbusha kwamba tulipopata uhuru nchi ilikuwa na madaktari wazalendo 12 tu.

Baada ya Azimio la Arusha la 1967, zahanati na vituo vya afya vilianza kujengwa vijijini kwa kasi. Pale serikali isipoweza kujenga hospitali ya wilaya, iliingia mkataba na kanisa: hospitali ibaki mali ya kanisa, serikali isaidie mishahara na uendeshaji, nayo ihudumie wilaya nzima. Ndipo likazaliwa jina la "hospitali teule". Muheza watu wamelizoea kiasi kwamba hospitali ya Waanglikana wanaiita Teule tu. Bugando, Mwanza, ilipita njia ngumu zaidi. Ilijengwa na maaskofu wa Kanisa Katoliki na kufunguliwa mwaka 1971, ikataifishwa mwaka uliofuata, kisha mwaka 1985 ikarudishwa kwa kanisa huku serikali ikiendelea kushiriki kuiendesha. Kwa hiyo anayedhani mfumo wetu ni wa umma upande huu na binafsi upande ule aende Bugando akajionee.

Mwaka 1977 ilitungwa sheria iliyopiga marufuku tiba ya kibiashara. Mashirika ya dini na mengine yasiyotafuta faida yaliruhusiwa kuendelea, lakini daktari hakuweza tena kufungua kliniki yake akatoza ada. Naiheshimu nia ile: ugonjwa wa mtu usiwe mtaji wa mwenzake. Lakini huduma ya bure inahitaji hazina yenye fedha, na miaka iliyofuata ilikuwa ya vita, ukame na uhaba wa fedha za kigeni. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 mgonjwa alipewa ushauri bure na kuondoka bila kidonge. Mwaka 1991 sheria ikarekebishwa na milango ya hospitali binafsi ikafunguliwa tena. Mwaka 1993 hospitali za umma nazo zikaanza kutoza. Neno lililotumika lilikuwa "kuchangia", neno la harusi na misiba, nalo lilificha uzito wa jambo kwa yule ambaye hakuwa na cha kuchangia.

Bima ilikuja kutafuta njia ya katikati. Igunga, mkoani Tabora, ndiko Mfuko wa Afya ya Jamii ulikojaribiwa mwaka 1996: kaya inalipa mara moja kwa mwaka, inatibiwa mwaka mzima. Mwaka 2001 Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulianza na watumishi wa umma, wakikatwa asilimia 3 ya mshahara na mwajiri akiongeza 3 nyingine. Kadi ya mfuko huo ndiyo iliyompeleka mwalimu wa shule ya msingi kwenye hospitali binafsi ambayo zamani aliipita kwa nje. Ndiyo pia iliyozifunga pande mbili, umma na binafsi, kwa kamba moja. Machi 2024, mfuko ulipotangaza bei mpya za kuzilipa hospitali, hospitali kadhaa binafsi zilisitisha kuwahudumia wanachama wake, na wenye kadi halali wakarudishwa nyumbani.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa na Bunge Novemba 2023, inaagiza kila mkazi awe na bima. Inatambua pia wasio na uwezo, na kuanzisha mfuko wa kuwalipia kutokana na vyanzo kama ushuru wa vinywaji na michezo ya kubahatisha. Hapo ndipo ninapowaomba wabunge wetu wakaze macho kila bajeti inaposomwa. Mfuko wa wasio na uwezo ujazwe kwanza, kwa fedha halisi, kabla mkulima wa Igunga hajaambiwa kuwa kukosa bima ni kosa lake.