Nchi Jirani: Kituo ni Watu, si Majengo

Mwaka 1964, Kenya ikiwa ndiyo kwanza imepata uhuru, Serikali yake iliunda kamati chini ya uenyekiti wa Ngala Mwendwa ili ichunguze malezi na utengemao wa watu wenye ulemavu. Swali lililoikabili kamati hiyo lilikuwa zito. Wakati wa ukoloni mambo ya walemavu yaliachiwa zaidi makanisa, vyama vya hisani na jamaa zao. Je, Taifa huru liendelee kuwapa sadaka, au liwape kazi?

Jibu lilikuja katika Waraka wa Serikali Nambari 5 wa mwaka 1968: kazi. Katika miaka iliyofuata vikajengwa vituo vya kufundishia ufundi, kuanzia Nairobi hadi Machakos, Embu, Murang'a, Nyandarua, Kericho, Kisii, Kakamega na Kabarnet, na pia Bura huko Taita, Itando huko Vihiga na Odiado huko Busia. Jumla ni vituo 12. Humo vijana walifundishwa useremala, ushonaji na kazi za ngozi.

Hiyo ilikuwa hatua ya kusifiwa. Hata hivyo, jengo halimfundishi mtu, wala cherehani haimtafutii fundi mwajiri. Kazi hiyo hufanywa na watumishi. Lazima awepo afisa wa kumpima mwanafunzi na kujua anaweza kazi gani. Awepo mwalimu anayejua lugha ya alama, ili kiziwi asikae darasani kama mgeni. Awepo wa kuzungumza na waajiri. Na zaidi ya yote, awepo wa kumfuata mhitimu kijijini kwake. Mhitimu asiye na mtaji, soko wala mtu wa kumshauri huweza kuuza vifaa vyake na kurudi pale pale alipotoka.

Hesabu yake si ngumu. Afisa mwenye watu 200 katika orodha yake, na siku za kazi zipatazo 250 kwa mwaka, ana siku moja na robo tu kwa kila mtu. Katika muda huo ampime, amtafutie kazi, asafiri hadi kwake na kuandika taarifa. Afisa huyo hata akiwa hodari namna gani, atabaki kuwa mtunza mafaili. Wahenga walikwisha kusema: mkono mmoja haulei mwana.

Jambo hili lilitambuliwa na ulimwengu mzima. Mkataba Nambari 159 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa Geneva mwaka 1983, unazitaka nchi zinazouridhia zihakikishe kwamba washauri na watumishi wengine wenye ujuzi wa kazi hiyo wanafundishwa na wanapatikana. Lakini miaka ya mikataba ilikuwa pia miaka ya uchumi mgumu. Mwaka 1993 Kenya, kama nchi nyingi za Afrika, ilianza mpango wa kupunguza watumishi wa umma. Haikuwa rahisi kudai maafisa zaidi wa walemavu wakati Serikali nzima ilikuwa ikipunguza watu.

Sheria ziliendelea kuja. Ile ya mwaka 2003 iliunda Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu, na ikalitaka lijitahidi watu hao watengewe asilimia 5 ya kazi za vibarua, za dharura na za mkataba. Katiba ya mwaka 2010 ikaigawa nchi katika kaunti 47. Sensa ya mwaka 2019 ikahesabu watu wenye ulemavu wapatao 900,000 wa umri wa miaka 5 na zaidi. Ukiwagawa kwa vituo 12, kila kituo kinaelekezewa watu 75,000. Hata kama wanaohitaji ufundi ni mmoja tu kati ya kila 50, bado ni watu 1,500 kwa kila kituo. Na Garissa, Wajir na Mandera hazimo katika orodha ya vituo hivyo 12.

Historia hii ya jirani ni funzo kwa Afrika Mashariki nzima. Jengo hufunguliwa mara moja, kwa ngoma na hotuba. Mshahara wa mwalimu na nauli ya afisa hutakiwa kila mwezi, wala hakuna anayevipigia ngoma. Taifa lililoamua mwaka 1968 kwamba mlemavu apewe kazi badala ya sadaka, lilikuwa limeamua pia, litake lisitake, kuwaajiri watu wa kumfikisha kwenye kazi hiyo.