Kabla Mhesabu Chapati za Krismasi, Hesabuni Bonasi

Kila Disemba lazima atokee mtu wa kutuambia kwamba sisi watu wa Mogogosiek tunakula Krismasi kama watu wasiojua Januari inakuja. Ati chapati, mchele, mbuzi na kreti za soda ni ubadhirifu, tena ni mambo ya kuiga. Mimi nakataa. Tuangalie historia kwanza.

Wakipsigis walikuwa na karamu zao kabla ya kanisa kufika. Wimbi likivunwa, au vijana wakitoka tohara, watu walikula kimyet na nyama, wakashushia na mursik kutoka kwa sotet. Kila kitu kilitoka nyumbani: ng'ombe wa boma, nafaka ya shamba.

Miaka ya 1920 kampuni kama Brooke Bond zikaingia Kericho. Ardhi ikageuka mashamba makubwa ya chai, watu wakaanza kufanya kazi ya mshahara, na mshahara ukanunua sukari na unga wa ngano. Wamisheni wa Litein na Tenwek wakaleta sikukuu yenyewe. Chapati tukajifunza kwa Wahindi. Lakini Mwafrika alikuwa mchumaji tu, kulima chai yake hakuruhusiwa. Mpango wa Swynnerton wa 1954 ndio uliofungua mlango kwa mkulima mdogo, kisha KTDA ikaanzishwa 1964.

Siku hizi mkulima analipwa kwa awamu mbili. Kila mwezi anapata kidogo kwa kilo za majani mabichi, halafu hesabu ya mwaka inafungwa Juni na bonasi inaingia kama Oktoba. Krismasi haiko mbali. Ndio maana karamu yetu, hata kama ni ya kanisa, inapikwa na chai.

Sasa hapa ndipo wengi wanapita haraka. Nani anachuma hiyo chai? Kwa boma nyingi ni mama: asubuhi na baridi, kikapu mgongoni, majani mawili na chipukizi, kisha foleni kituoni akingoja kupimiwa. Lakini namba ya mkulima mara nyingi iko kwa jina la baba, na pesa inaingia kwa akaunti yake. Ikiingia kuna karo, kuna deni la mbolea, kuna mkopo wa sacco, na wakati mwingine, tuseme ukweli, kuna baa. Mama anaweza kumaliza Oktoba bila kushika noti hata moja.

Krismasi inarekebisha hiyo hesabu kwa siku moja. Bonasi inapita mezani, watu wote wakiona. Mtoto aliyebeba majani baada ya shule anakula nyama mpaka anaacha. Mama anashiba jasho lake. Wewe unaita ubadhirifu, mimi naita malipo yaliyochelewa.

Mwaka 2025 bonasi ya viwanda vingi vya Kericho na Bomet ilishuka, wakulima wakaandamana. Sawa, tusikope dukani ndio tupike. Mwaka mbaya, chapati zipungue, mursik bado iko. Lakini anayetaka kubana matumizi asianzie jikoni. Wazee wetu, mpeni mama mistari yake ya chai na namba yake kiwandani. Hiyo ikifanyika, njooni tuhesabu chapati pamoja.